Etrogi Moja kwa Watu wa Hail na Qurum

Nilikwenda Maskati kupeleka matunda mawili. Mama mkwe wangu alipolisikia hilo alicheka mpaka akashika ukuta, na sikumlaumu. Lakini wenzangu wa Tengeru mnaijua miti ile miwili ya etrogi nyuma ya nyumba yetu, aliyoipanda marehemu baba. Kwa msomaji asiyeijua, etrogi ni ndugu ya limau, ila ni kubwa, ngozi yake nene na yenye mikunjo, na harufu yake ukiinusa asubuhi unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Sisi Wayahudi tunaihitaji mara moja kwa mwaka, kwenye Sikukuu ya Vibanda, tunapokaa ndani ya vibanda vilivyoezekwa kwa makuti. Tunaishika pamoja na kuti changa la mtende, matawi ya mihadasi na matawi ya mierebi, tunabariki, tunavitikisa pande zote. Etrogi yenye kasoro haifai. Mwaka huo miti ilitupatia tatu nzuri. Moja tulibaki nayo, na mbili zikaombwa Maskati.

Walioziomba walikuwa ndugu wa tumbo moja ambao hawasemezani. Elias, mhandisi wa maji, anaishi Hail, mtaa wa Maskati ulio karibu na bahari, na nyumbani kwake hukusanyika jumuiya inayosali kwa utaratibu wa kale. Dada yake Hana, mwalimu, anaishi Qurum, na kwake hukusanyika jumuiya nyingine ambayo wanawake husoma kwa sauti na hata gitaa hupigwa. Zamani walikuwa kundi moja. Siku Hana alipotaka kuongoza sala, kaka yake akakataa, wakaachana kwa maneno mazito. Wayahudi wa Maskati wote, wageni wa kazi kutoka huku na kule, wangeweza kuenea kwenye sebule moja na viti vikabaki, lakini wana jumuiya mbili. Msiwacheke. Hata sisi Tengeru tulishawahi kununiana kwa sababu ya wimbo.

Dada yangu Miriamu ndiye aliyenivuta. Yeye anamtunza, nyumbani kwa Elias, mama wa hao ndugu, Bi Farha, mjane aliyekulia Unguja na ambaye sasa, uzeeni, amebakiwa na Kiswahili kuliko lugha zake nyingine zote. Miriamu alinitumia ujumbe wa sauti. "Mdogo wangu, usimpe mtu mizigo, njoo nayo mwenyewe. Bibi anapotea. Leo ananijua, kesho ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Hana huja kumwona Bibi wakati Elias yuko kazini, Elias akirudi Hana keshaondoka. Bibi hajawaona wote wawili pamoja tangu wagombane. Akiwasahau kabla hawajakaa naye meza moja, hawa watu watajilaumu mpaka kaburini."

Niliondoka Tengeru alfajiri, ukungu wa Meru umeshuka hadi kwenye migomba. Matunda niliyafunga kwa pamba na kuyaweka kwenye kisanduku cha mbao mapajani, maana etrogi ina kincha mbele, kilichobaki kutoka kwenye ua, na kikivunjika tunda limeharibika kwa kazi yetu. Dereva aliniuliza kama nimebeba mayai. Nikamwambia ndiyo, ili asiendelee kuuliza.

Angani nililala na kuamka sijui mara ngapi. Kila nikifumbua macho harufu ya etrogi ilikuwa imenitangulia, na abiria wa pembeni yangu, mama wa Kiomani mwenye mtandio wa kijani, alikuwa anatabasamu amefumba macho. Chini hapakuwa na kitu ila bahari, baadaye mchanga, kisha milima mikavu ya rangi ya mdalasini iliyoungua. Nilidhani bado naota. Mpaka leo sehemu kubwa ya safari hii naikumbuka hivyo, nusu usingizini.

Kwenye uwanja wa ndege wa Maskati, ofisa alizitazama karatasi za afya ya mimea, akalifungua sanduku, akainama na kunusa. "Turunj," akasema taratibu, jina la tunda hilo kwa Kiarabu, na akalifunga kwa uangalifu kunizidi mimi. Nikavuka mlango nikiwa mshindi. Miriamu aliniona, akapiga ukelele, akanikumbatia kwa nguvu zote za miaka ambayo hatukuonana, na sanduku likabanwa katikati yetu. Nikasikia mlio mdogo mkavu.

Tulifungua pale pale, karibu na watu waliokuwa wakisubiri wageni wao. Tunda moja lilikuwa salama. La pili kincha kilikuwa kimelala kwenye pamba peke yake. Miriamu aliweka mkono mdomoni. "Nimeua," akasema. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, kwa sababu alikuwa analia na mimi nilikuwa bado nimelala nusu. Nikamwambia, "Umevunja tunda, hukuua mtu. Lakini sasa tuna moja, na wenyewe wawili."

Asubuhi iliyofuata Miriamu alinipeleka Mutrah, tuwaze kabla ya kuwakabili. Tulitembea ufukweni, Bandari ya Sultan Qaboos ikiwa mbele yetu na meli kubwa nyeupe ya watalii imetia nanga bila kutikisika, utafikiri jengo la mjini lililotoka kupunga upepo. Ubani ulikuwa unafuka kutoka madukani. Joto lilikuwa limekaa juu ya maji na kila kitu, watu, njiwa, majumba meupe, kilionekana kuyeyuka kidogo pembezoni. Nilisema ningependa kuzeekea hapo. Miriamu akanijibu kwamba husema hivyo kila mtu asiyefua nguo za watu hapo. Tukanunua maji ya kunywa, na hatukupata jibu lolote la tunda letu.

Hail tulifika adhuhuri. Nyumba ya Elias ina uwanja wenye kuta nyeupe, na upande wa pili wa ukuta kuna mitende ya jirani yake, Bi Zuwena, Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Bi Farha alikuwa barazani, mdogo, msafi, amevaa gauni la maua. Alinishika mkono asiuachie.

"Umekuja na jahazi au ndege, mwanangu?"

"Ndege, Bibi."

"Afadhali. Bahari ya mwezi huu haina adabu." Akanitazama. "Nna watoto wawili. Wanasoma. Wakirudi utawaona."

Elias alirudi jioni, mtu mrefu mwenye sauti ya chini na mikono inayonyoosha kila kitu mezani, kijiko, kitambaa, miwani. Nilimweleza habari ya tunda. Akasema, "Basi hilo moja ni la huku. Mimi niliomba kwanza."

"Na Hana?" nikauliza.

"Hana ana gari. Sisi siku ya sikukuu hatuendeshi. Akitaka aje." Alisema "aje" kwa namna ya mtu anayejua kwamba hatakuja.

Kesho yake nilikwenda Qurum. Hana ni mwepesi wa kucheka, ana nyumba iliyojaa vitabu, ghorofani, bila hata roshani ya kutosha kuweka kibanda. Mezani pake palikuwa na fungu la mihadasi mibichi, iliyoletwa na mtu wa kundi lake kutoka Jabal Akhdhar, na chumba kizima kilinukia mlima. Nikamwambia yaliyotokea. Alicheka, kisha uso ukabadilika.

"Kwa hiyo Elias ana tunda."

"Tunda ni langu bado," nikamwambia. "Sijampa mtu." Hapo ndipo nilipoanza kuona njia. "Dada Hana, kaka yako ana mitende ya jirani na mierebi aliyoitoa bondeni, ana uwanja na kibanda. Lakini mihadasi hana. Wewe una mihadasi, huna kibanda wala kuti. Na nyote wawili hamna etrogi. Mimi siwezi kujikata vipande."

Alizungusha tawi la mihadasi vidoleni. "Nikienda kule watu wake watatugeuzia migongo tukisali."

"Mama yako anasema ana watoto wawili na hawajarudi kutoka shule."

Nilijua nimempiga mahali laini na sikuona haya. Hana alitazama dirishani, bahari ilikuwa inawaka nyeupe kule chini. "Tutakuja," akasema. "Lakini tutasali sala yetu, kwa zamu yetu."

Hivyo ndivyo jumuiya mbili za Maskati zilivyofikia mapatano, mimi nikiwa mpeleka maneno. Hail watasali kwanza, mapema. Qurum watasali baada yao. Kibanda kimoja, matawi ya pamoja, etrogi moja. Masharti yalijadiliwa kwa umakini wa nchi mbili zinazogawana mto. Elias alitaka gitaa libaki ndani ya gari. Hana akakubali, ila naye akataka wanawake wake wasitengewe pazia. Nilirudisha jibu. Elias alinyoosha kitambaa cha meza mara mbili, akasema, "Zamu yao ni yao."

Siku ya kujenga kibanda Bi Zuwena alitokea na wafanyakazi wake wakiburuta makuti mabichi. "Nna makuti tele, chukueni," akasema. "Mwaka jana mliezeka kwa matawi ya aibu, watu wanne wakakaa juani." Akaona sanduku langu, akanusa. "Turunji! Bibi yangu alikuwa akiliweka kwenye sanduku la nguo, mashallah. Hili la kula?"

"La kushika, mama."

"La kushika tu?" Alilifikiria. "Na mnalitoa kwenu kwa ndege." Akatikisa kichwa, akaendelea kuelekeza makuti.

Tulipokuwa tukipanga matawi, Elias aliniuliza kama najua sheria ya siku ya kwanza. Naijua tangu utotoni. Siku hiyo hairuhusiwi kushika etrogi ya kuazima. Lazima iwe mali yako kweli. Kwa hiyo palipo na moja tu, mwenyewe humpa mwenzake moja kwa moja, kwa sharti airudishe, naye akiisha kubariki humpa mwingine, na hivyo inazunguka, kila mtu akiwa tajiri kwa dakika moja. "Watoto wapewe mwisho," Elias akaongeza. "Mtoto anaweza kupokea zawadi, lakini kwa sheria hana uwezo wa kuitoa. Akipewa mapema, imekwama kwake. Na asiye na akili timamu, hali ni hiyo hiyo." Nikamwambia najua, tena nikamwambia kwa kiburi kidogo.

Asubuhi ya sikukuu kulikuwa na upepo mwepesi wa bahari. Jua lilipita kwenye makuti likaanguka vipande vipande juu ya kitambaa cheupe, juu ya mikono ya watu, juu ya mvi za Bi Farha aliyekuwa amekalishwa katikati kwenye kiti chenye mito. Watu wa Hail walikwishamaliza sala yao. Watu wa Qurum walifika mapema kuliko zamu, wakasimama karibu na ukuta, wanatazama makuti. Ilikuwa zamu ya kushika matawi, na hapo mapatano yetu yalikuwa na tundu ambalo hakuna aliyeliona. Tulisahau kukubaliana nani apewe etrogi kwanza.

Nilitoka na tunda mkononi. Elias akanyoosha mkono, maana kibanda ni chake. Hana naye akanyoosha, maana zamu ilikuwa inaanza kuwa yake. Mikono miwili ya ndugu mbele yangu, na watu wa pande zote wananitazama. Kwetu Tengeru ikitokea hivyo tunampa mkubwa wa wote. Basi nikageuka, nikapiga goti mbele ya Bi Farha, nikasema, "Bibi, nakupa, iwe yako." Akaipokea kwa mikono miwili.

Nilikuwa sijasimama vizuri watu walipoanza kutazamana. Mzee mmoja wa Hail akanong'ona, "Amepokea. Sasa ataitoaje?" Hapo nikaelewa nilichofanya. Asubuhi ile ile Bi Farha alikuwa amemuuliza Miriamu kama baba yake amerudi kutoka sokoni Darajani. Kila mtu kibandani alijua hali yake. Lakini hakuna aliyewahi kulitamka jina la hali hiyo mbele ya watoto wake.

"Mama yangu ana akili zake," Hana akasema, kwa sauti kubwa mno.

Watu wa Hail walimtazama Elias, kwa kuwa wao humsikiliza yeye katika mambo ya sheria. Niliona amenaswa vibaya. Akisema mama hawezi kutoa zawadi, atakuwa amemtangaza kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hayupo tena, na watu wote wa jumuiya mbili watarudi nyumbani bila kushika. Akinyamaza, atakuwa amesema jambo lile lile. Nilitamani ardhi ifunguke. Nilimwomba Mungu, kwa Kiswahili, anirudishe Tengeru.

Bi Farha hakuwa na haraka. Aliisogeza etrogi puani, akavuta pumzi, akafumba macho. Mwanga wa makuti ulikuwa unacheza usoni pake. Sijui alikuwa wapi, Unguja, Hail au mahali pengine kabisa. Alipofumbua macho alimwona Elias. Kisha akamwona Hana. Akawatazama kwa zamu, mmoja, mwingine, na uso ukamnyooka.

"Mmesimama hivyo kwa nini?" akasema. "Hii haikai kwa mtu mmoja. Elias, shika. Ukimaliza mpe dadako. Halafu mnirudishie, nna hamu nayo."

Elias alipiga hatua moja, akasimama. "Mama, unanipa kabisa? Iwe yangu?"

"Nshakupa, wee mtoto! Watu wana njaa!"

Mtu mmoja alicheka, nadhani ni Bi Zuwena nyuma ya ukuta. Elias alinyoosha mikono miwili, akapokea. "Asante, Mama," akasema. Aliishika pamoja na matawi, akabariki. Akatikisa mbele, kulia, nyuma, kushoto, juu, chini. Kisha akageuka kwa dada yake, na kwa muda nilidhani atapita pembeni yake.

"Hana, nakupa. Iwe yako, kwa sharti uirudishe kwa Mama."

Hana aliipokea akilia waziwazi. Alibariki kwa sauti, sauti ile ile iliyowagombanisha, na watu wa Hail wakaitikia amina. Wakaitikia kabla ya kufikiri, nadhani, na baadaye ilikuwa vigumu kuirudisha. Baada ya hapo etrogi ilitembea. Ilitoka kwa mtu wa Qurum ikaenda kwa mzee wa Hail, ikarudi kwa mwalimu wa kundi la Hana, ikaja kwa Miriamu, ikaja kwangu. Zamu zilisahauliwa. Mwishowe Hana aliiweka mapajani kwa mama yake, na Bi Farha akaifunika kwa viganja vyake akasinzia.

Siku mbili za kwanza za sikukuu zilipokwisha nilijiandaa kurudi. Msidhani jumuiya ziliungana. Bado ni mbili, na nilipoondoka walikuwa wameanza kubishana kuhusu ni kundi lipi litakaloleta mihadasi kwa mwaka ujao. Lakini walibishana wakiwa wamekaa meza moja, chini ya makuti ya Bi Zuwena, na chai ilikuwa inamiminwa bila kuulizwa wewe wa wapi. Asubuhi ya kuondoka Bi Farha alimwona Elias akishika mizigo yangu, akamwita. "Samahani, baba," akamwambia kwa heshima ambayo mtu humpa mgeni, "wewe mtoto wa nani?"

Elias aliweka mizigo chini. Akachuchumaa mbele yake. "Wako, Mama."

"Na huyu?"

"Wako pia," akasema Hana.

Njiani kuelekea uwanja wa ndege Hana aliendesha na Elias alikaa mbele kando yake. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, bahari inaingia na kutoka kati ya nyumba. Tulipokaribia, Elias akanigeukia. "Wapo watakaosema siku ile sote tulibariki bure. Kwamba mama hakuwa na uwezo wa kunipa."

"Na wewe wasemaje, kaka?"

"Nasema mama yangu alinipa, nikapokea." Hana alitoa mkono mmoja kwenye usukani, akamgusa kaka yake begani, akaurudisha.

Nimerudi Tengeru, ukungu uko pale pale juu ya migomba. Wazee wamenihoji: ilikuwa halali au haikuwa? Mama mkwe naye ameacha kucheka, anataka kujua. Nimewajibu ninavyoona mimi. Nilisafiri nikidhani kazi yangu ni kutoa, na kutoa kulikuwa rahisi, nilipiga goti tu. Kazi ngumu ilikuwa ya Elias. Yeye ndiye aliyepaswa kunyoosha mikono mbele ya watu wote na kupokea tunda kwa mama yake, kama mama ambaye bado yupo.